Wakisimulia vita, tuwaulize na habari ya njaa

Juma hii hatusemi juu ya likelemba wala bei ya mihogo sokoni. Tunasema juu ya waume, kaka na wana wetu waliobeba bunduki, na juu ya namna wanavyosimulia.

Kila mama wa Minova ameona kundi hilo. Ni siku ya Mungu, watu wametoka kanisani, wanaume watano ao sita wameketi kwenye benchi mbele ya duka, kasiksi iko katikati, na mmoja anaanza: "Wakati ule tulipokuwa kwenye mafunzo..." Wengine wanacheka kabla hajamaliza, kwa sababu nao walipita humo. Anasimama, anaonyesha namna walivyokimbia na gogo begani mbele ya jua kutoka. Anaimba wimbo wa kukimbilia. Anaiga sauti ya afande aliyekuwa akiwapiga fimbo kwenye nyayo, na watu wanacheka mpaka machozi (sisi wamama pia tunacheka, tusijifanye). Na pembeni, chini kwenye mavumbi, wameketi vijana wetu wa miaka 12, 13, 14. Hawacheki sana. Wanasikiliza.

Ni hao wa pembeni wanaotusumbua moyo.

Hatutaki wanaume wanyamaze. Tunajua nyumba ambamo baba hakusema neno moja tangu aliporudi, na usiku anaamka kwa kelele, watoto wanakimbilia kwa bibi yao. Afadhali asimulie. Lakini tumekuwa tukisikiliza hizo hadithi za benchi kwa miaka, na tumeona ni nusu. Fimbo imo, lakini imo kwa mchezo. Vita imo, lakini rafiki aliyeanguka hayumo. Chakula cha kunyang'anya kimo, lakini mama aliyenyang'anywa hayumo. Sasa kijana aliyefukuzwa masomoni kwa kukosa minervali anasikia kwamba kuna mahali ambapo mtoto wa miaka 13 anapewa bunduki na mtu mzima anamwogopa. Kesho kutwa mtu anapita akiandikisha vijana, na huyu ameisha kusikia nusu ya habari, tena ile nusu tamu.

Jambo hili si la leo. Tuanzie na babu zetu wa Force Publique. Kisiwa cha Idjwi, kile ambacho mashua za Goma na Bukavu zinakipita, kilishikwa na Wajeremani mwezi wa Septemba 1914. Kilirudishwa mwezi wa Aprili 1916, wakati jeshi la Wabelgiji lilipoanza kuvuka kuelekea Rwanda. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora. Tabora! Wazee walilitaja jina hilo kwa kiburi, na wajukuu wao wakalishika. Lakini nyuma ya kila askari kulikuwa watu waliobeba mizigo: unga, masanduku ya masasi, vyuma vya mizinga. Wengi walitolewa huku huku kwetu Kivu. Wengi wao walikufa njiani, wakiuawa na kuhara, na baridi ya milima, na njaa, hata bila kumwona Mjeremani mmoja. Huyo mbebaji hakuwa na wimbo. Nani wa kwetu anajua jina la hata mmoja?

Vita ya pili ni hivyo hivyo. Mtu aliyeandikwa katika Force Publique alifunga miaka saba. Alifundishwa Lingala ya jeshi, akafundishwa kusimama sawasawa, na akikosa alipigwa fimbo mbele ya wenzake. Mwaka wa 1941 askari hao walipelekwa Abisinia kupigana na Waitalia, wakapita Asosa, kisha Gambela, na tarehe 3 Julai 1941 jenerali Gazzera akajitoa mikononi mwao kule Saio. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa. Sehemu ya mvua zilizokata njia, na watu wakakaa na chakula kidogo, na ugonjwa ukaingia kambini, hiyo inasimuliwa kwa sauti ya chini ao haisimuliwi kabisa. Wengine walikwenda mbali zaidi, mpaka Burma, karibu Wakongomani 350, na kule kazi yao ilikuwa hospitali ya jeshi: kupokea majeruhi, kufunga vidonda, kubeba watu kwenye machela. Tunapenda kulikumbusha, kwa sababu vijana wetu wanafikiri kwamba aliyekwenda vitani alikwenda kupiga tu.

Mmoja wa hao wa Burma, Albert Kunyuku, alipewa medali Kinshasa na mfalme Philippe wa Ubelgiji tarehe 8 Juni 2022. Alikuwa na miaka 100. Vita ilikuwa imekwisha miaka 77 mbele. Tunafurahi kwa ajili yake. Lakini mama anayehesabu kama tunavyohesabu sisi ataona jambo: mtu alitoka kijana, asante kubwa ikamkuta mzee wa miaka mia, na wenzake karibu wote wameisha kuzikwa. Hii nayo ni sehemu ya habari ya jeshi. Na wake wa askari, wale waliokaa katika kambi, wakichota maji na kulima kashamba ao kuvuka nchi na mume kila alipohamishwa, medali yao hatujaisikia.

Sasa tuje kwa hawa wa benchi. Wengi ni wa 1996. Mnaikumbuka hesabu. Mwisho wa Oktoba mwaka huo Bukavu ilianguka, mwanzo wa Novemba ikafuata Goma, na tarehe 17 Mei 1997 AFDL iliingia Kinshasa. Mbele ya safu kulikuwa watoto. Watu wa Kinshasa waliwaona wakifika na buti za mpira, wakisema Kiswahili chetu, wakawaita kadogo kama sisi tulivyowaita. Aliyekuwa na miaka 12 wakati ule leo amepita 40. Ni baba. Pengine ni yule anayekutengenezea mlango.

Wawili kati yao waliandika vitabu kwa Kifaransa, na wenye kusoma Kifaransa wanaweza kuvitafuta. Lucien Badjoko aliingia kwa kupenda akiwa na miaka 12. Kitabu chake, alichofanya pamoja na Katia Clarens, kilitoka mwaka wa 2005. Junior Nzita Nsuami naye alikuwa na miaka 12, lakini yeye alitwaliwa kwa nguvu pamoja na wanafunzi wenzake kule Kivu ya Kaskazini. Mmoja alikwenda mwenyewe, mwingine alikamatwa. Tunawataja wote wawili kwa sababu hapa kwetu tunapenda kugawanya: huyu alilazimishwa, tumhurumie, yule alijipeleka, shauri yake. Mtoto wa miaka 12 hajipeleki. Anasukumwa na kitu, na mara nyingi kitu hicho ni habari aliyoisikia.

Basi shirika letu lilijaribu jambo. Tuliwaita wanaume wachache wa zamani, wengine wa kadogo, wengine wa Mai-Mai, na wamama wawili waliokaa katika vikundi vya porini walipokuwa wasichana. Tulikaa mchana, bila kasiksi, na vijana wetu wakaketi pamoja nasi. Tulikubaliana mbele kwamba hakuna atakayeuliza "uliua wangapi?" Hilo ni ulizo la kilabuni. Mtu akiulizwa hivyo, ama anajisifu, ama anaondoka.

Tuliuliza maulizo ya jikoni. Mlikula nini? Nani alipika? Kuni zilitoka wapi? Aliyeugua alifanywa namna gani? Kati ya wenzako wa mafunzo, nani hakurudi, na nani alikwenda kumwambia mama yake?

Mwanzoni walicheka. Mmoja alisema wamama hata vitani wanatafuta sufuria. Kisha akaanza kujibu, na jibu likawa refu. Alisimulia buti. Alipewa buti za mpira za mtu mkubwa, akajaza majani ndani ili mguu usitoke. Walitembea siku na siku katika mvua. Maji yaliingia humo yakakaa, ngozi ikaoza, kucha zikatoka moja moja. Mwenzake, wa umri wake, miguu yake ilikataa kabisa. Akaketi kando ya njia. Safu ikapita. "Nilimwachia kipande cha mhogo," akasema, na baada ya hapo hakusema tena kwa kitambo. Vijana wote waliangalia miguu yake. Tunamjua mtu huyu tangu arudi, na hadithi zake za gogo begani tumezisikia mara ishirini, ile ya mhogo hatukuwa tumeisikia hata mara moja. Alikuwa hajaulizwa.

Mwingine alisema juu ya mafunzo yenyewe. Jambo la kwanza alilofundishwa, mbele ya kufungua bunduki na kuifunga, ni kwamba bunduki ndiyo baba na mama yake. Walilirudilia asubuhi na jioni. Anasema fimbo aliisahau upesi, lakini neno lile lilikaa. Aliporudi nyumbani na mama yake akamkumbatia, alisimama kama mti, kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi.

Na hapa tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu lilisimuliwa na mama mwenyewe, mwanawe akiwa ameketi karibu naye. Kijana alikuwa Mai-Mai. Ninyi mnajua miiko yao, inayopishana kundi kwa kundi: maji ya dawa, vyakula vya kukataa, kutoguswa na mwanamke, kutopokea kitu mkononi mwake. Alitoka porini, lakini mwiko ulitoka pamoja naye. Aliogopa kwamba akiuvunja, atakufa, ao wale aliobaki nao kule watakufa. Basi karibu miaka miwili hakupokea sahani kutoka kwa mama yake. Mama alipika bugali na sombe, akaweka sahani juu ya jiwe nje ya mlango, akarudi ndani. Kijana akaja, akachukua. Majirani walimcheka: unamlisha mwanao kama mbwa. Yeye aliendelea. Siku moja ya mvua alichelewa kutoka, kijana akasimama mlangoni, akanyoosha mkono. Mama alisema hakufanya furaha, hakupiga kelele, alimpa sahani tu na kugeuka kuangalia moto, ili asimwogopeshe. Mtoto wake, mwanaume mwenye ndevu sasa, alisikiliza yote hayo akiangalia chini. Mwishoni alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa hajui kwamba mama alihesabu miezi.

Hakuna programu iliyomfundisha mama huyo.

Wale wamama wawili walisema mwisho, na mmoja alikubali tuandike bila kumtaja. Alitwaliwa alipokuwa na miaka 14. Alipika, alibeba mizigo ya masasi, alitumwa sokoni kuangalia kama askari wako wengi, na usiku alikuwa "bibi" wa komanda, bila mtu kumwuliza. Alipita mafunzo pia, pamoja na vijana, na kipande cha mti badala ya bunduki. Anajua kusimama sawasawa mpaka leo. Alituonyesha, na mara hii hakuna aliyecheka. Wakati wa kurudisha watu katika maisha ya raia, mkubwa aliyetoka kwa njia ya CONADER alipewa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Zilikuwa kidogo, na wanaume wanazilalamikia mpaka leo. Yeye hakupata hata hizo. Hakuwa na bunduki ya kuonyesha. Alirudi usiku na mtoto mgongoni, na kesho yake mtoni wamama walisogeza ndoo zao mbali.

Wamama hao walikuwa sisi. Tuseme hivyo tu tupite. Mwaka wa 2017 shirika moja la kimataifa, Child Soldiers International, lilitoa kitabu juu ya wasichana kama yeye. Liliwauliza wasichana 150 wa mashariki ya Kongo waliotoka katika vikundi vya silaha. Wengi walisema kinachowaumiza ni kudharauliwa nyumbani na mtaani, na wengi waliomba masomo. Kuna waliobaki porini kwa kuogopa hayo matusi tu. Kwa hiyo mwanamke huyu anapoketi na kusimulia utumishi wake (ndiyo, ni utumishi, kama wa yule aliyebeba bunduki), ni jambo kubwa, na kwenye benchi ya siku ya Mungu hakuna nafasi yake.

Kuna jambo lingine ambalo Minova haiwezi kuliruka. Mwezi wa Novemba 2012, Goma ilipoanguka, askari waliokimbia walifika hapa na vijijini kando, na waliyowafanyia wanawake na wasichana dunia yote ilisikia. Watu 39 walipelekwa mbele ya korti ya kijeshi, na hukumu ya tarehe 5 Mei 2014 iliwapata askari wawili tu na kosa la kubaka. Tunaliandika kwa sababu vikundi vingine vimetuuliza: je, tunaambiwa tukae na kila mwenye nguo za jeshi, tumsikilize, tumhurumie? Hapana. Mama asiyetaka kukaa karibu na benchi ile, asikae, na asiulizwe sababu. Kumsikiliza mtu aliyechukuliwa akiwa mtoto si kufuta deni la mtu mwingine, wala lake mwenyewe kama analo. Na siku ile tulipokaa, kabla ya kufunga, mama mmoja aliomba wanaume nao wasikilize dakika kumi namna vita inavyosikika kutoka chini ya kitanda. Walisikiliza. Hatuandiki aliyoyasema.

Tulichoona kwa vijana ni hiki. Hawakuchoka. Tulifikiri wataondoka hadithi ya gogo na nyimbo ilipokwisha, lakini walibaki na kuuliza, na maulizo yao yalikuwa mazuri kuliko yetu. Mmoja aliuliza: yule wa mhogo, mama yake anaishi wapi? Mwingine, ambaye tulijua kwamba watu wa kuandikisha walikuwa wameisha kusema naye, aliuliza kama mtu akiingia anaweza kutoka siku anayotaka. Wanaume waliangaliana. Hakuna aliyemjibu kwa mchezo.

Kwa upande wa sheria, mjue hili na muwaambie na baba zao. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kuandikisha ao kutumia mtoto katika jeshi, polisi ao kundi lolote la silaha, na mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Kubeba maji ya kundi, kupika, kupeleka habari, kusimama kwenye kizuizi na fimbo, yote yamo. Haisaidii kusema kijana alikubali mwenyewe, wala kwamba ni kundi la watoto wa kwetu linalotulinda. Na kwa anayetoka, hata bila bunduki, hata msichana mwenye mtoto, kuna watu wa kazi hiyo: BVES ya Bukavu inapokea watoto waliotoka katika vikundi tangu miaka mingi, na kiongozi wake, Murhabazi Namegabe, alipewa mwaka wa 2011 tuzo ya dunia ya haki za mtoto. Kwanza lakini mjulishe mtu mnayemwamini katika kartie, kwa sababu njia ya kutoka ina hatari yake na mtoto asiipite peke yake.

Vikundi vya upande wa soko na vya kule juu vimesema vinataka kufanya kikao kama kile. Vizuri. Fanyeni mchana, watu warudi nyumbani kungali mwanga. Msimwite mtu jina la kundi lake la zamani mbele ya wengine. Mama atakayesimulia achague mwenyewe nani aketi karibu naye, na aruhusiwe kunyamaza katikati. Kinywaji kiwe chai, na mara hii wanaume walete kuni, tumeisha kuwaambia na wamekubali. Vijana wasiketi pembeni chini, wapewe benchi ya mbele. Karatasi ya maulizo ya jikoni iko kwa mwandishi wa shirika. Mkiongeza yenu, mtuletee mbele ya siku ya posho tuyaandike.